Shajara ya mradi: sauti ya gita chini ya mguu wa kulia

Jumatatu. Kazi yenyewe

Lengo ni kupandisha na kushusha sauti ya gita jukwaani bila mkono kuondoka kwenye nyuzi. Chombo nilichochagua ni pedali ya ekspresheni, ile inayokanyagwa kama mafuta ya gari, ikiunganishwa na prosesa ya gita (kisanduku cha kidijitali kinachobadilisha sauti ya gita) ambayo tayari ninayo. Bendi yetu inapiga benga, rumba na zilizopendwa kwenye harusi na kumbi za Eastlands, Nairobi, na Jumapili wengine wetu tunapiga kanisani. Pedali inapaswa kufaa kote huko.

Anayepiga rumba ya taratibu anaweza kuiba nafasi kati ya mapigo, akazungusha nobu ya sauti iliyo kwenye gita kwa kidole cha mwisho. Kwenye benga nafasi hiyo haipo. Mkono wa kulia unadonoa bila kupumzika. Gita la solo linamfuata mwimbaji mstari kwa mstari, likiyarudia aliyoyasema, kisha yeye akinyamaza linauchukua wimbo na kuupandisha hadi kilele ambacho watu wamekuwa wakikisubiri tangu ubeti wa kwanza. Santuri za mwanabenga D.O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz zimejaa mpango huo. Sauti inahitajika kupanda wakati uleule ambao mkono umebanwa na kazi kuliko wakati mwingine wowote.

Bila mguu, mpigaji anabaki na chaguo baya na chaguo baya zaidi. Akipiga wimbo mzima kwa sauti ya kilele, mwimbaji anafunikwa. Akipiga wote kwa sauti ya kusindikiza, kilele kinapita bila mtu kugeuka. Kumtegemea fundi mitambo wa sauti nako hakusaidii kwenye harusi: hajawahi kuusikia wimbo wenu, anahangaika na maiki ya MC na jenereta, na hadi auone mkono wangu ukiteremka shingo ya gita, nusu ya solo imekwisha.

Jumanne. Pedali mbili zenye sura moja

Leo nimeandika hesabu kabla ya kununua chochote, kwa sababu kuna pedali za aina mbili zinazofanana kwa nje na zinafanya kazi tofauti kabisa.

Pedali ya sauti ya kawaida inapitishwa sauti yenyewe. Kebo ya gita inaingia upande mmoja, sauti inapita kwenye potenshomita, yaani kinzani kinachobadilika kikisogezwa, inatokea upande wa pili. Kwa gita lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za kawaida potenshomita hiyo huwa ya kilo-omu 250. Zile za kilo-omu 25 zimekusudiwa kukaa baada ya vifaa vyenye umeme wao, au kwa gita lenye pikapu za betri. Pedali ya ekspresheni haipitishi sauti hata chembe. Prosesa inaipelekea volti chache, kwa kawaida 3.3 au 5, pedali inarudisha sehemu ya volti hizo kulingana na mguu ulipo, na prosesa inaisoma namba hiyo na kufanya ulichoiagiza. Ukiiagiza sauti, inapandisha sauti. Ukiiagiza mwangwi, inaongeza mwangwi.

Tofauti hiyo inaumiza zaidi kwenye sauti za juu. Tuchukue potenshomita ya kilo-omu 250 ikiwa pale ambapo umeme umegawanyika nusu kwa nusu. Kifaa kinachofuata kinaona ukinzani wa robo yake, yaani kilo-omu 62.5. Weka hapo kebo ya mita 6, na kebo ya gita huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukinzani huo na kebo hiyo zikikaa pamoja zinaanza kukata sauti za juu kuanzia kama hezi 4,200. Kwa mpigaji wa jazi anayependa sauti nzito huenda hilo lisimkoseshe usingizi. Kwa benga ni hasara kubwa, maana mng'ao wa nyuzi tatu nyembamba ndio unaolifanya gita lisikike kupitia ngoma na besi. Kila nikishusha sauti nimpishe mwimbaji, gita lingeshuka na kufifia kwa pamoja, na mimi nataka lishuke likiwa bado linang'aa.

Kwa hiyo ni ekspresheni. Waya wake unabeba volti tulivu tu, hata ukiwa mrefu sauti haiguswi.

Alhamisi. Luthuli Avenue

Nimeshuka Tom Mboya Street nikakata kuingia Luthuli. Nilikuwa na orodha fupi: pedali ya mtumba yenye potenshomita ya kilo-omu 10, jeki mbili za stereo za robo inchi, kebo ya waya mbili yenye kinga ya nyuzi za shaba, kapasita moja ya kulainisha volti, na dawa ya kusafishia sehemu za umeme zinazogusana. Vyote vinapatikana kati ya hapo na River Road, mitaa ileile ambayo biashara ya santuri za benga ilishamiri miaka ya 1970.

Pedali niliipata kwenye duka linalotengeneza vinanda.

"Boss, hii ni ya kinanda, si ya gita," muuzaji akaniambia, na alisema kwa nia njema.

"Najua, kaka. Niazime multimita kidogo tuipime."

Kipimo hiki kila mtu anapaswa kukifanya dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Jeki ya stereo ina sehemu tatu: ncha, pete na mwili. Weka multimita kwenye omu, chomeka kebo ya pedali, kisha pima sehemu mbili mbili huku ukiisogeza pedali. Jozi ambayo namba yake haibadiliki ni ncha mbili za potenshomita. Sehemu iliyobaki ndiyo mkono unaotembea. Kwangu, kati ya ncha na mwili namba ilitulia karibu kilo-omu 10 hata nilipokanyaga hadi mwisho. Kati ya pete na mwili ilianzia karibu sifuri ikapanda. Basi mkono unaotembea uko kwenye pete.

Prosesa yangu inautaka kwenye ncha. Watengenezaji hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili: wengine wanaweka mkono unaotembea kwenye ncha na wengine kwenye pete, na pedali nzuri kabisa huonekana mbovu kwa sababu hiyo peke yake. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Unakanyaga, sauti haibadiliki karibu safari yote, halafu inaanguka ghafla mguu ukikaribia kisigino. Ukiona hivyo, usiitupe pedali. Angalia nyaya kwanza.

Kipimo cha pili ni cha subira. Sogeza pedali polepole sana, namba iwe inapanda bila kuruka. Hii ilikuwa inaruka kidogo karibu na katikati. Muuzaji akapunguza bei kwa ajili hiyo, nami nikaichukua, maana ndani yake ilikuwa chuma na meno ya plastiki hayakuwa yameliwa.

Ijumaa usiku. Kebo ya kuvuka

Kazi ya leo ni ndogo. Kebo ya mita 3: ncha ya upande mmoja imelehemiwa kwenye pete ya upande wa pili, pete kwenye ncha, mwili kwa mwili. Nimeifunga utepe mwekundu pande zote mbili ili mtu asiichukue kwa haraka jukwaani akidhani ni kebo ya stereo ya kawaida.

Nimefungua tumbo la pedali. Vumbi lilikuwa limekaa kwenye njia ya potenshomita, mstari mweusi uliochanganyika na grisi ya zamani. Nimepuliza dawa, nimeisogeza pedali mbele na nyuma hadi njia ikawa safi, nikasubiri ikauke kabisa ndipo nikafunga. Nimeongeza kapasita ya maikrofaradi 1 kati ya mkono unaotembea na mwili. Kwa potenshomita ya kilo-omu 10, kapasita hiyo inachelewesha umeme kwa milisekunde mbili unusu hivi pale inapochelewesha zaidi, kiasi ambacho mguu hauwezi kukihisi, lakini inalainisha miruko midogo inayosababishwa na vumbi.

Kwenye pedali ya sauti ya kawaida vumbi linasikika kama mkwaruzo wa redio kuukuu. Kwenye ekspresheni halikwaruzi chochote. Prosesa inasoma namba ya uongo kwa kitambo kidogo, na sauti inaruka juu au chini bila onyo. Mimi naona ruko hilo ni baya kuliko mkwaruzo, kwa sababu msikilizaji anadhani ni mpigaji ndiye hakujua afanyalo. Kuna pedali zinazokwepa tatizo hili kwa kutumia mwanga na kihisi cha mwanga mahali pa potenshomita. Za Morley zinafahamika kwa hilo. Kwa bajeti yangu, usafi na kapasita vinatosha.

Jumapili mchana. Safari ya mguu na desibeli

Hapa ndipo mradi ulipo hasa, na ndipo nimekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kwanza prosesa inafundishwa mipaka ya pedali: unaingia kwenye mpangilio wake, unaweka kisigino chini, inahifadhi namba ya chini, unaweka vidole chini, inahifadhi namba ya juu. Usiruke hatua hii, kwa sababu potenshomita ya mtumba mara nyingi haifiki sifuri kamili wala mwisho kamili. Bila kuifundisha, kisigino kikiwa chini gita linabaki likinong'ona, au vidole vikiwa chini halifikii sauti yake yote.

Kisha kuna suala la masikio. Umeme ukipungua kuwa nusu, sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiwa robo, desibeli 12. Ukiwa sehemu moja ya kumi, desibeli 20. Sikio nalo linahesabu kwa desibeli: ongezeko la desibeli 10 ndilo watu wengi husikia kuwa sauti imekuwa mara mbili. Sasa, pedali ikishusha umeme kwa mstari ulionyooka hadi kimya, nusu nzima ya juu ya safari ya mguu inabadilisha desibeli 6 tu, na zilizobaki zote, kutoka hapo hadi kimya, zimesongamana kwenye nusu ya chini. Mguu ukisogea upana wa kidole karibu na kisigino, gita linatoweka. Ndiyo maana prosesa nyingi zinakupa chaguo la mkunjo wa logi, unaosambaza desibeli kwa usawa zaidi.

Nilijaribu yote mawili nyumbani nikiwa na rekodi ya bendi kwenye spika. Logi ni laini kuliko mstari, hilo halina ubishi. Hata hivyo bado niliona nabeba mzigo nisiouhitaji. Katika wimbo wa benga sihitaji kimya hata mara moja. Ninapomsindikiza mwimbaji nataka kuwa chini kidogo ya sauti yake, na kwenye kilele nataka kuwa juu ya kila mtu. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili, nilipoipima kwa namba za prosesa, ilikuwa kama desibeli 9. Basi kwa nini mguu uwe na njia ya kwenda hadi kimya? Kila sehemu ya safari inayokwenda mahali ambapo wimbo hauendi ni sehemu iliyopotea, na inaifanya ile iliyobaki iwe kali na yenye kuteleza.

Nikaweka kiwango cha chini kuwa asilimia 35 ya umeme, ambayo ni desibeli 9 chini ya juu kabisa, na cha juu asilimia 100. Kisigino chini: kusindikiza. Vidole chini: kilele. Suala la mkunjo nalo likapungua uzito papo hapo. Kwa mstari ulionyooka kutoka 35 hadi 100, katikati ya pedali ni asilimia 67.5, sawa na kushuka desibeli 3.4, mgawanyo kamili ungekuwa 4.5. Tofauti ya desibeli moja hivi, sikio katikati ya ngoma haliwezi kuigombania. Ukibana eneo, mstari wa kawaida unatosha.

Kimya nimekihamishia kwenye swichi ya tyuna, ile ya kulinganisha nyuzi. Inapobonyezwa inazima gita lote, iwe ni kutyuni au MC anapozungumza. Mguu unabaki na kazi moja, na safari yote ya pedali, kutoka kisigino hadi vidole, iko ndani ya muziki.

Jumatano. Mazoezi, Umoja

Leo swali lilikuwa mahali pa kuiweka bloku ya sauti, yaani sehemu ya prosesa inayoendeshwa na pedali, ndani ya mnyororo wa prosesa. Tumeujaribu wimbo mmoja kwa kila mpangilio, mpiga besi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, akiwa mbele ya spika kama msikilizaji.

Bloku ikiwa mwanzoni kabisa, kabla ya kompresa, pedali karibu ikose kazi. Kompresa imewekwa kuinua sauti ndogo na kubana kubwa. Nikishusha, yenyewe inapandisha. "Sijasikia tofauti," Mzee akasema, na alikuwa sahihi.

Ikiwa baada ya kompresa na kabla ya ovadraivu (inayoikwaruza sauti makusudi), inafanya kazi kama nobu ya gita lenyewe: nikishusha, sauti inasafishika, nikipandisha, inaanza kukwaruza. Ni rangi nzuri kwa nyimbo mbili za rumba tulizonazo zenye gita zito. Kwa benga haifai, kwa sababu nataka ukubwa ubadilike na rangi ibaki ileile.

Ikiwa mwisho kabisa, baada ya dilei (inayorudia nota baada ya kitambo) na mwangwi, kila nikishusha mguu mkia wa mwangwi unakatwa ghafla, kama mlango umefungwa juu ya nota.

Mahali pake ni kati: baada ya kompresa na ovadraivu, kabla ya dilei na mwangwi. Nikitoka kwenye kilele na kurudi kisigino, nota ya mwisho inaendelea kuelea kwa sauti yake ya kilele huku nota mpya zikiingia chini. Mwimbaji anaingia juu ya mkia huo. Tulirudia mpito huo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Dada anayeimba alisema jambo ambalo nimelichukua kwa uzito: "Ukirudi chini, rudi kabla sijafungua mdomo." Mguu ushuke kwenye nota mbili za mwisho za solo, wala usingoje neno la kwanza la ubeti. Nimeliandika kwenye karatasi ya nyimbo, pembeni ya kila mpito.

Jumamosi. Ubao wa kukanyagia

Asubuhi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nikatengenezewa kipande cha bati nene lililokunjwa ukingo, kikaingia chini ya ubao wa plaiwudi. Pedali imefungwa kwa skrubu upande wa kulia kabisa, nyuma yake ikiwa imeinuliwa kidogo ili nikiwa nimesimama kifundo cha mguu kisijikunje kupita kiasi. Chini ya ubao kuna raba ya matairi ya pikipiki, kwa sababu turubai la hema linateleza na zulia la kanisa linajikunja.

Skrubu ya kukaza pedali nimeikaza zaidi ya inavyopendekezwa na wengi. Nataka pedali ibaki pale mguu unapoiacha, hata mguu ukiondoka kabisa. Mpigaji anayecheza akiwa amesimama huhamisha uzito wa mwili bila kujua, na pedali laini inapanda yenyewe taratibu hadi bendi nzima inaanza kupiga kwa nguvu kumfuata.

Jumamosi inayofuata. Harusi, Kasarani

Shoo ya kwanza na mfumo mzima. Gita, prosesa, kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya gita moja kwa moja kwenye miksa), miksa. Hema kubwa, ngoma kamili, jenereta nyuma ya jiko.

Wakati wa kupima sauti nilimwomba fundi mitambo jambo moja: apange geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya chaneli yangu nikiwa nimekanyaga vidole hadi mwisho, nikipiga kwa nguvu ya kilele. Kisha nikarudi kisigino ndipo akapanga uwiano na sauti ya mwimbaji. Akipanga geini nikiwa kisigino, kilele kitafika desibeli 9 juu ya alichotarajia na chaneli itapasuka. Alielewa mara moja, na nadhani alifurahi kuambiwa.

Nyimbo zilikwenda nilivyotumaini. Katika wimbo wa tatu, mwimbaji aliponyamaza, nikasukuma pedali polepole katika mistari yote minne ya kwanza ya solo badala ya kuipandisha kwa mkupuo, na nikaona watu waliokuwa wamekaa mezani wakigeuza viti kabla hata hawajasimama. Mguu unaweza kufanya hivyo na nobu haiwezi: kupanda kwa urefu wa mistari minne, bila mtu kutaja lini kulianza.

Jambo moja halikuwa sawa. Monita yangu, spika ninayojisikilizia, ilikuwa inafuata pedali. Nikiwa kisigino nilijisikia kwa mbali, ngoma ikiwa pembeni yangu, na mwili unapojisikia kwa mbali unataka kusukuma. Niliona mguu wangu ukipanda kidogo kidogo katikati ya ubeti, nikaurudisha, ukapanda tena. Mkono nao ulikuwa unapiga nyuzi kwa nguvu zaidi ili kufidia. Hesabu za prosesa haziwezi kutatua hili peke yake. Inabidi sauti inayonifikia itenganishwe na inayowafikia watu.

Jumanne. Njia mbili za kutokea

Prosesa yangu ina matokeo mawili, kushoto na kulia, na inaruhusu pedali moja kuendesha bloku mbili kwa mipaka tofauti. Nimeugawa mnyororo baada ya ovadraivu. Njia ya kushoto inakwenda kwenye DI na miksa: chini asilimia 35, juu 100. Njia ya kulia inakwenda kwenye amplifaya yangu ndogo iliyoelekezwa mgongoni: chini asilimia 63, juu 100, yaani inashuka desibeli 4 tu.

Nilifikiria kuiacha njia ya amplifaya bila pedali kabisa, nijisikie kwa kiwango kimoja muda wote. Nilijaribu hivyo kwa jioni moja na sikuipenda. Mguu unahitaji kusikia matokeo ya ulichofanya, hata kama ni kwa kiasi kidogo, la sivyo unapoteza hisia ya ulipo. Desibeli 4 zinanipa habari hiyo bila kuniacha nimezama chini ya ngoma.

Gharama yake ni kwamba sauti haitoki tena kwa stereo. Kwenye kumbi tunazopiga, wengi wako upande mmoja wa hema na hawakuwa wakiisikia hiyo stereo.

Jumapili. Kanisani

Hapa kimya kinarudi. Wakati wa maombi mchungaji anazungumza juu ya muziki mtulivu, na gita linafaa kuingia bila mdonoo kusikika. Unaweka kisigino chini, unadonoa kodi nzima (nota kadhaa kwa pamoja) kwenye kimya, kisha unapandisha mguu nota zikiwa tayari zinalia. Kishindo cha kudonoa kinafichwa, unabaki mlio unaovimba kama wa fidla. Dilei na mwangwi vikiwa baada ya bloku, kila mvimbo unauegemea uliotangulia na pengo kati ya kodi halisikiki.

Kwa kazi hii nimetengeneza mpangilio wa pili: chini asilimia 0, mkunjo wa logi, safari yote. Hapa mkunjo una umuhimu mkubwa, kwa sababu sikio linafuatilia mwanzo wa sauti kutoka kimya, na mstari ulionyooka unaifanya iruke mara tu kisigino kinapoinuka. Nimeona pia mguu ukipanda kwa muda wa mapigo mawili ya wimbo wa taratibu, waimbaji wanapumua pamoja nao. Ukipanda haraka zaidi wanaanza kuimba kabla ya wakati.

Mpangilio huu siutumii kwenye benga hata kidogo, na ule wa benga siuleti kanisani. Swichi moja ya mguu inabadilisha kati yao.

Ijumaa. Hali ilivyo

Mpangilio wa benga umebaki desibeli 9 kwa hema na ngoma kamili. Kwa ukumbi mdogo nimehifadhi nakala yenye desibeli 6, chini ikiwa asilimia 50, kwa sababu katika chumba chenye dari fupi kilele cha desibeli 9 kinamwondoa mtu kwenye mazungumzo yake, na mwimbaji anashindwa kurudi juu ya kilele hicho. Pedali nitaifungua na kuipuliza dawa kila baada ya msimu wa harusi za nje, na wakati wowote namba zikianza kuruka kwenye skrini nikiisogeza polepole.

Mpiga kinanda wetu ameomba ya kwake. Kinanda chake kinapokea MIDI (lugha ya vyombo vya muziki ya kutumiana amri kwa namba), na humo namba 7 ni ya sauti ya jumla ya chaneli, namba 11 ni ya ekspresheni, kila moja ikiwa na hatua 0 hadi 127. Nimemshauri atumie 11, namba 7 ibaki pale fundi mitambo alipoipanga wakati wa kupima sauti. Yeye anataka kimya kamili kwa ajili ya nyuzi za mwigo (sauti ya kinanda inayoiga fidla) kwenye rumba, kwa hiyo mipaka yangu haitamfaa, tutaipanga yake upya Jumatano kwenye mazoezi. Jeki za kebo yake nimeshanunua. Pedali yake bado tunaitafuta, na multimita nitakwenda nayo mwenyewe.